CHUJIO LISILO NA MLEZI NI MTEGO

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeiandika katika insha tangu nikiwa darasa la sita, na kila mara nikapata alama zangu bila kujisumbua kufikiri inasema nini. Mwaka jana niliielewa. Sikuielewa darasani, niliielewa jikoni kwetu, mbele ya ndoo mbili za plastiki.

Nataka kuzungumzia chujio la maji. Najua wengine wenu mmeshaanza kufungua ukurasa wa mashairi. Hebu ngojeni kidogo, jamani! Maji hayo mnayanywa kila siku.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mtu asije akasema nilimzungusha. Naamini kwamba chujio lisilo na mtu wa kulitunza ni baya kuliko kutokuwa na chujio kabisa. Asiye na chujio anajua kwamba maji yake ni ya kuogopwa, kwa hiyo huyachemsha au huyatia dawa. Mwenye chujio bovu huyanywa kwa moyo mkunjufu, na mgeni akija humkaribisha nayo kwa fahari.

Kwa wale ambao hawajaliona, chujio la nyumbani ni kitu rahisi. Ni ndoo mbili zilizopandana. Ndani ya ndoo ya juu kumesimamishwa kitu cheupe cha udongo uliochomwa, chenye umbo la mshumaa mnene, ndiyo maana watu hukiita mshumaa. Katikati kina uwazi, na chini kina mguu wenye nati unaopenya hadi ndoo ya chini. Unamimina maji juu, yanapita katika kuta za udongo ule, yanadondoka tone tone katika ndoo ya chini, nawe unayateka kwa mfereji mdogo. Hakuna umeme wala pampu. Uzito wa maji yenyewe ndio unaoyasukuma. Vinyweleo vya udongo ule ni vidogo mno, hata matope na viini vingi vya maradhi, kama vile vya kipindupindu na homa ya matumbo, hukwama nje.

Sasa nawauliza, uchafu uliokwama nje utakwenda wapi? Hauendi popote. Hujikusanya juu ya mshumaa siku baada ya siku mpaka ukawa kama ganda, na maji yakapunguza mwendo. Kwa hiyo chujio linaloziba si chujio bovu. Limefanya kazi yake, sasa linamngoja mwenyewe afanye yake.

Mimi sikuifanya. Hebu niwasimulie.

Kwetu si mbali na Mto Nzoia. Mnaotoka upande huo mnajua rangi ya mto ule mvua inaponyesha huko juu: ni chai ya maziwa tupu! Kisima chetu nacho wakati wa masika huwa hakijambo sana kuliko mto. Mama alinunua chujio lenye mishumaa miwili zamu yake ilipofika katika chama cha akina mama. Lilipokuja liliwekwa sebuleni juu ya kabati kama televisheni. Majirani walikuja kulitazama. Kwa muda mrefu mama alilisafisha mwenyewe kila Jumamosi, na sisi watoto tulikuwa tukinywa tu.

Mwaka jana katika muhula wa pili, mama alianza kuuza omena sokoni. Alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi magharibi. Akaniita akaniambia, "Wewe ndiye mkubwa. Chujio nakuachia wewe." Nikajibu, "Sawa, mama." Lakini rohoni nikasema, yaani mvulana mzima wa kidato cha pili akae akisugua vyombo vya maji? Nikamsukumia dada yangu ambaye ni wa pili kuzaliwa. Naye, kwa kuwa alisikia mama akinitaja mimi, akaona hiyo si kazi yake. Nyanya yangu husema kwamba ng'ombe wa nyumba mbili hulala na kiu, kwa kuwa kila nyumba hudhani nyingine imempeleka mtoni. Hivyo ndivyo lilivyolala chujio letu.

Wiki zikapita. Hapo awali chupa ya lita moja ilikuwa ikijaa kwa muda usiofika saa nzima. Sasa ikawa mtu anaweka chupa akienda kuchota kuni, anarudi anaikuta haijafika nusu. Kila mtu akalalamika. Nyanya akasema chujio limezeeka. Dada yangu akasema tulidanganywa dukani.

Jumamosi moja nilikuwa na mechi. Nikaona aibu, nikaamua kulimaliza jambo hili mara moja kabla ya kwenda uwanjani. Nilizitoa mishumaa nikaisugua kwa sabuni ya unga na ule waya wa kusugulia sufuria, mpaka ikang'aa kama meno ya mtoto. Nikaisuuza kwa maji ya kisima. Nati ilinisumbua, nikachukua koleo nikaikaza kwa nguvu zangu zote, kra! Nilisikia sauti hiyo, lakini wenzangu walikuwa wakinipigia mluzi barabarani. Nikaondoka mbio.

Jioni niliporudi nilipokelewa kama shujaa. Maji yalikuwa yakitiririka. Chupa ilijaa kabla ya mtu kumaliza kukoka moto. Nyanya alikunywa kikombe kizima, akanishika kichwa, akasema, "Mjukuu wangu, umelifufua." Usiku ule mama aliniongezea kipande cha kuku. Nilikila bila wasiwasi wowote.

Siku ya kumi na moja, mdogo wetu wa miaka mitatu alianza kuharisha. Kufikia usiku alikuwa hashiki kitu tumboni. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na alipolia hapakuwa na machozi. Sikuwahi kujua kwamba mtoto anaweza kulia bila machozi. Alfajiri mama alimfunga kwa leso mgongoni, wakapanda bodaboda kwenda kituo cha afya. Mimi niliambiwa niende shule. Nilikwenda, lakini mkiniuliza tulisoma nini siku ile sina jibu.

Alipewa maji ya chumvi na sukari ya pakiti na vidonge vya zinki, na baada ya siku chache akaanza tena kutupigia kelele. Mungu ni mkubwa. Wiki ile ile mhudumu wa afya ya jamii akaja kututembelea. Akauliza tunakunywa maji gani. Mama akamwonyesha chujio kwa majivuno.

Yule mama hakusema neno. Alinawa mikono, akaitoa mishumaa, akaitia katika ndoo ya maji mpaka ikalowa kabisa. Kisha akaushika mmoja, akauzamisha majini ukiwa umeacha mguu juu, akaweka mdomo kwenye mguu ule akapuliza kama mtu apulizaye filimbi. Hapakutokea kitu. Akachukua wa pili, akapuliza. Mapovu yakatoka chini karibu na nati, mstari mzima, bubububu!

Baadaye nilikuja kuelewa kisa chake. Mshumaa mzima ukilowa, vinyweleo vyake hujaa maji, na maji yale hushikilia kwa nguvu hata pumzi ya mtu haiwezi kuyasukuma nje. Lakini penye ufa, hewa hupita bila kuomba ruhusa. Na panapopita hewa, viini navyo hupita.

Akauliza, "Nani hulisafisha hili?" Mimi nikanyamaza. Dada yangu akanyamaza. Mama akatutazama mmoja baada ya mwingine. Ndipo nikainua mkono kama niko darasani.

Sitadai kwamba nina hakika maji yale ndiyo yaliyomgonjesha ndugu yetu. Mtoto wa umri ule hutia kila kitu mdomoni. Lakini jambo moja ninalijua. Kwa siku kumi na moja nyumba nzima ilikunywa maji ya kisima ikidhani ni maji safi, na aliyewapa imani hiyo ni mimi. Chujio lilipokuwa la polepole tulilinung'unikia, nalo lilikuwa likitulinda. Lilipokwenda kasi tulilishangilia, na kumbe lilikuwa limepasuka!

Nilipomsimulia mwalimu wetu wa Biolojia kisa hiki, hakucheka. Alinieleza habari ya miji miwili ya Ujerumani, nami nikaenda maktabani kuitafuta zaidi. Naileta hapa kwa sababu inaonyesha kwamba si sisi wa vijijini pekee tunaoteleza.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia mji wa Hamburg. Mji huo ulikuwa ukipata maji yake kutoka Mto Elbe na kuyagawa bila kuyachuja. Zaidi ya watu 8,600 walikufa. Jirani yake kabisa ulikuwepo mji wa Altona, ambao ulikunywa mto ule ule, tena ukichota upande wa chini ambako taka za Hamburg zilikuwa zimeshaingia. Altona iliponea kwa kiasi kikubwa. Kwa nini? Kwa sababu maji yake yalipitishwa kwanza katika vitanda vya mchanga, yakashuka polepole kwa uzito wake. Kumbuka ndoo zetu mbili.

Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo na kusema, "Mnaona, chujio ni uhai." Lakini kisa hakiishii hapo. Majira ya baridi yaliyofuata, mwanzoni mwa mwaka 1893, kipindupindu kilizuka katika Altona hiyo hiyo. Mtaalamu Robert Koch alipochunguza, alipata kwamba kitanda kimoja cha mchanga kiliganda barafu wakati wa kusafishwa, nacho hakikuchuja tena inavyopasa. Huyu Koch ndiye yule aliyekuja mwaka 1906 hadi visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria kuchunguza ugonjwa wa malale. Baada ya tukio la Altona alisisitiza kwamba maji ya kila kitanda yapimwe peke yake, kila siku, wala isitoshe kusema kwamba mji una chujio.

Mji mzima wenye wahandisi ulipata madhara kwa sababu ya kitanda kimoja. Je, sisi wenye ndoo mbili na koleo?

Basi utunzaji wenyewe ni upi? Nitaueleza jinsi nilivyofundishwa na yule mhudumu, na jinsi ninavyoufanya sasa kila Jumamosi kabla ya mechi.

Kwanza, usilipe chujio kazi isiyo yake. Maji ya matope yaache yatulie katika mtungi usiku kucha, kisha yamimine taratibu kupitia leso safi iliyokunjwa mara kadhaa, na zile takataka za chini uzimwage. Ukimimina tope moja kwa moja, mshumaa utaziba upesi na utalazimika kuusugua mara kwa mara.

Pili, ukisafisha, nawa mikono kwa sabuni kwanza. Mshumaa wenyewe hauguswi na sabuni hata kidogo, kwa kuwa sabuni huingia katika vinyweleo ikakaa humo. Tumia brashi laini, kama mswaki mpya uliotengwa kwa kazi hiyo, na maji yaliyochemshwa au yaliyochujwa. Waya wa sufuria ni adui. Hukwangua udongo bila kipimo, na ukuta mwembamba ni ukuta dhaifu.

Tatu, kabla ya kuurudisha, uchunguze penye mwanga, hasa pale chini unapokutana na plastiki, kisha uupulize majini nilivyoeleza. Ukiona mapovu, utupe. Hapa methali yetu inanipa shida kidogo, kwa sababu ufa wa mshumaa hauzibwi. Usijaribu gundi wala lami wala sala. Nunua mwingine. Hata usiopasuka una umri wake, kwa maana kila usuguapo unapungua. Soma karatasi iliyokuja nao, usiitumie kuwashia moto kama tulivyofanya sisi.

Nne, nati ikazwe kwa vidole mpaka mpira wake ukae sawa, halafu uache. Koleo lirudi kwa fundi wa baiskeli.

Tano, ndoo ya chini ioshwe kwa sabuni, isuuzwe kwa maji safi yenye dawa ya klorini kidogo, na mfereji wake usisahauliwe, maana mikono yote ya nyumba hupita hapo. Kitambaa cha kupangusia meza kisiingie humo. Wala mtu asichovye kikombe ndani ati kwa kuwa mfereji ni wa polepole. Viini vilivyozuiwa juu visiingizwe kwa mlango wa chini.

Sita, baada ya kusafisha, maji ya kwanza yamwage au yaoshee vyombo. Halafu weka chupa ya lita moja, tazama saa, uandike katika daftari imejaa kwa dakika ngapi. Daftari hili ndilo jicho lako. Muda ukizidi kurefuka wiki hadi wiki, mshumaa unaomba kusuguliwa. Muda ukifupika ghafla, usifurahi! Acha kuyanywa, fungua utazame.

Aidha, tusilipe chujio sifa zisizo zake. Viini vile vidogo kupita vyote, ambavyo wataalamu huviita virusi, vinaweza kupenya udongo. Kwa hiyo wakati wa mlipuko wa maradhi ni vizuri maji yaliyochujwa yachemshwe au yatiwe klorini pia. Tusisahau kwamba kipindupindu kilizuka tena nchini mwetu kuanzia Oktoba 2022. Tena mshumaa wa udongo hauondoi floraidi, ile inayowafanya ndugu zetu wengi wa Nakuru na Naivasha wawe na meno ya kahawia. Hiyo inataka njia nyingine.

Najua hoja za wapinzani wangu, kwa maana nilikuwa mmoja wao.

Wapo watakaosema, "Si tuchemshe tu tuachane na haya?" Kuchemsha ni kuzuri, sipingi. Lakini waulizeni wanaotafuta kuni au wanaonunua makaa kama wanaweza kuchemsha maji yote ya kunywa ya watu saba kila siku. Na hata yaliyochemshwa, ukiyaweka katika mtungi mchafu umerudi pale pale.

Wapo watakaosema mshumaa mpya ni ghali. Mama yangu alipiga hesabu ya nauli ya bodaboda, dawa, na siku alizokosa sokoni. Alipomaliza akanitumia dukani siku ile ile.

Na wapo wavulana wenzangu watakaosema kwamba hii ni kazi ya wasichana. Kwenu ninyi sina hoja ndefu. Nilisema hivyo hivyo, na dada yangu hakuwa ndiye aliyeshika koleo.

Sasa nageukia shule yetu, na hapa naomba radhi mapema kwa walimu wangu.

Karibu na madarasa ya kidato cha kwanza kuna chujio kubwa la mapipa mawili tulilopewa na wafadhili. Siku lilipokabidhiwa zilitolewa hotuba, picha zikapigwa, sote tukapiga makofi. Sisi ni shule ya kutwa. Wengi wetu hutembea mwendo mrefu kwenye jua, tukifika tunalikimbilia. Baada ya yaliyonipata nyumbani nilianza kulitazama kwa jicho jingine. Mfereji wake ulikuwa na utelezi wa kijani. Nikamwuliza kiranja wa afya ni nani alilifungua mara ya mwisho. Akanielekeza kwa mwalimu wa zamu. Mwalimu wa zamu akasema pengine ni mtunza bustani. Mtunza bustani akasema, "Mimi nilidhani ni ninyi viranja." Ng'ombe wa nyumba nne!

Kwa ruhusa ya mwalimu mlezi wa chama chetu tulilifungua. Mishumaa ilikuwa na ganda jeusi. Mmoja nati yake ilikuwa imelegea kabisa, ukiugusa unacheza kama jino bovu, na maji yalikuwa yakishuka pembeni yake bila kuchujwa. Hivyo ndivyo lilivyoweza kutoa maji haraka namna ile. Wangapi kati yetu waliokosa shule muhula huo kwa maumivu ya tumbo? Mimi sikuhesabu, wala hakuna aliyehesabu.

Nashukuru kwamba hatua imechukuliwa. Ninapoandika haya, chujio limefungwa na mishumaa mipya imeagizwa. Nilipomwambia mwalimu mlezi kwamba nataka kuliandikia jarida, alinijibu, "Andika, lakini uandike na dawa, usiandike ugonjwa peke yake." Basi dawa ninayoipendekeza ni hii.

Orodha yetu ya zamu ina kufagia, kupangusa ubao, kuokota karatasi na kumwagilia maua. Chujio halimo. Naomba liingizwe, lakini si kwa zamu ya wiki kama ufagio. Atakayesafisha wiki hii na kuondoka hatajua mshumaa ulikuwaje wiki iliyopita. Chujio linataka mlezi mmoja kwa muhula mzima, na msaidizi wake wa kumrithi muhula unaofuata. Jina la mlezi liandikwe ukutani kando ya chujio, ili mwenye swali ajue amwulize nani. Siku iwe moja isiyobadilika. Na daftari litundikwe hapo kwa kamba, mwalimu wa afya alitie sahihi kila Ijumaa. Kazi yenyewe haizidi muda wa mapumziko marefu. Dawa yote ni hiyo: jina moja, siku moja, daftari moja.

Mtu ataniuliza, mbona jambo la maji liletwe na Chama cha Kiswahili? Jibu langu ni kwamba sisi ndio tunaoziimba methali kila mkutano. Tusipozifanyia kazi sisi, nani atazifanyia?

Wasomaji wapenzi, jioni mkifika nyumbani, kama mna chujio, msiulize kama linafanya kazi. Ulizeni ni nani alilifungua mara ya mwisho, na lini. Jibu likiwa ni kimya, basi nawe jaza maji sufuriani ukoke moto, na Jumamosi ulifungue wewe.

Nami nisije nikawa kama kinyozi asiyejinyoa. Kwa ule ukuta wa karibu na kidato cha kwanza, nimekwisha kumpa mwalimu mlezi jina la kuandikwa kwa muhula wa kwanza mishumaa mipya itakapofika. Ni langu. Ninachotafuta sasa ni msaidizi. Awe mvulana au msichana, mradi asije na koleo.